Macho Ndani ya Kopo la Ugoro

Wenzangu wa Elburgon, na nyinyi wa Molo na Nakuru mtakaosomewa haya, nawaomba mnisikilize kidogo. Jambo hili lilitokea mwaka wa 1956, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mbao, ambapo jirani akikohoa unamsikia kupitia ukutani.

Kwa Jerop na mumewe Kipketer kulikuwa na amani. Kipketer alisukuma magogo kwenye msumeno mkubwa, kazi inayotaka mtu mwenye mkono thabiti. Jioni alirudi na vumbi la mbao nyweleni, Jerop akampa maji ya kunawa, na binti yao Chepchirchir akampanda mapajani. Jumapili walienda kanisani pamoja. Nani angesema nyumba hiyo ina shida?

Shida ililetwa na siku za Jumamosi. Kipketer alianza kupanda treni kwenda Nakuru kila Jumamosi, na alipoulizwa alisema tu kwamba ana shughuli. Alirudi macho mekundu kama pilipili. Mara ya tatu aliondoka na mbao nne alizozipiga randa kwa mkono wake mpaka zikang'aa. Hakurudi nazo.

Jerop alimweleza jirani yake Naliaka. Naliaka alikuwa mcheshi, ila neno likiingia kwake halikukaa. Alisema ule wekundu si wa moshi wa treni.

"Na mbao, Mama Chepchirchir? Mwanamume hupeleka mbao mahali anapojenga. Wewe kaa hapa upepete mahindi. Mwenzako anawekewa dari."

Walicheka wote wawili, lakini Jerop alipofika kwake hakuwa anacheka tena. Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Kipketer alimpita sokoni bila kumsalimu. Alimtazama usoni kwa upande, kama mtu anayeficha jambo. Jerop alinusa koti la mumewe akitafuta marashi, akakuta harufu ya dawa, akaona hata hiyo ni mbaya. Baadaye Kipketer akawa anajifungia bafuni kila asubuhi na kopo la ugoro, naye hakuwahi kutumia ugoro maishani mwake.

Ndugu msomaji, Jerop alikuwa na siku zaidi ya sitini za kumuuliza mumewe kwa utulivu. Alimuuliza Naliaka.

Jumapili moja Kipketer alienda kumwona kaka yake, na Jerop akalipata kopo lile nyuma ya sanduku la nguo. Ndani mlikuwa na pamba iliyolowa, mpira mdogo kama chuchu ya chupa, na vitu viwili vyeupe vinavyopitisha mwanga, vyenye umbo la nusu ganda la yai dogo. Alivigeuza kiganjani. Vilimfanya ahisi anatazamwa. Aliamini ni dawa ya mwanamke wa huko Nakuru, ya kumfanya Kipketer aone nyumba moja tu. Akavitupa motoni. Vikavimba, vikalia, na tone moja la moto likaruka likamchoma kifundoni mwa mkono.

Kipketer alirudi jua likizama. Jerop alimwona akipapasa nyuma ya sanduku, kisha juu ya rafu, kisha sakafuni. Kopo tupu lilikuwa mezani mbele yake. Mkono wake ulipita karibu nalo mara mbili.

"Umeona kopo langu la ugoro?"

"Tangu lini unanusa ugoro?"

Kipketer aliendelea kupapasa. Jerop alilitazama kopo. Kopo liko mezani, na mtu huyu halioni. Hapo akawaza vile vitu viwili vyeupe, na umbo lao la jicho.

Asubuhi king'ora kilipolia, Kipketer alitoka akiwa ameshika ukuta. Kukosa kazi bila ruhusa kulikuwa kufukuzwa. Jerop alisimama na sufuria ya uji mkononi mpaka akasikia msumeno ukianza. Hapo akaiacha sufuria, akakimbia bila viatu.

Alimkuta akisukuma gogo kwa vidole, kichwa kimeinama kusikiliza. Kiganja chake kilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye meno ya msumeno. Jerop alitaka kupiga kelele, akajizuia, maana angemshtua. Alimwendea Owino, aliyesimamia injini, akamwambia sikioni aizime. Owino alimtazama usoni, akauvuta mkanda wa injini ukatoka. Msumeno ukanyamaza.

Msimamizi, Bwana Micah, alikuja akiuliza nani amesimamisha kazi. Wafanyakazi wote walikuwa wamegeuka.

"Haoni," Jerop akasema. "Macho yake nimeyachoma mimi."

Wengine walicheka. Micah akainua kofia yake juu, akamuuliza Kipketer ni vidole vingapi.

"Vitatu," Kipketer akajibu.

Hakuna aliyecheka tena. Kipketer aliondolewa msumenoni siku hiyo hiyo, akapewa kazi ya kubeba vumbi la mbao.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Macho yake yalikuwa yamechongoka mbele, na miwani haikuweza kuyasaidia. Daktari mmoja Mhindi wa Nakuru alimtia dawa ya ganzi, akamwekea uji mzito mweupe juu ya kila jicho mpaka ukaganda, akapata umbo lake. Kutokana na umbo hilo alichonga lenzi za plastiki za kuvaa chini ya kope, zinazotolewa kwa ule mpira mdogo. Malipo yalikuwa rafu za mbao. Tangu azipate alikuwa ameona meno ya msumeno moja moja, na mikono yake ikasahau kupapasa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe, Naliaka angejua kabla chai haijachemka. Na Micah angejua kabla haijanywewa."

Jerop aliutazama ukuta wa upande wa Naliaka.

Jumamosi walienda Nakuru pamoja. Ukutani kwa daktari Jerop alizitambua zile mbao nne. Juu yake palikuwa na macho mawili ya plasta, na chini yake jina la mumewe. Daktari alisema umbo lipo, lenzi nyingine zitachongwa. Msumeno ulikuwa umeshapata mtu mwingine, na haukumrudia Kipketer kamwe.

Siku alipovaa lenzi mpya, alimtazama mkewe kwanza, uso mzima, bila kugeukia upande. Kisha akautazama mkono wa mkewe.

"Hilo kovu ulilipata lini?"

"Siku ile," Jerop akasema.

FUNZO LA HADITHI HII

Shaka ikikuingia juu ya mtu wa nyumbani mwako, mpelekee yeye mwenyewe kabla hujaipeleka kwa jirani. Nawe unayeugua na kuficha, ujue kwamba siri yako huacha nafasi, na watu wataijaza kwa mambo yao. Lakini nasema zaidi na sisi wanawake wa nyumba zilizobanana. Tujifunze kutunza neno tunaloambiwa, ili waume zetu wasiogope kutuambia wanapoumwa. Jerop aliokoa mkono wa mumewe. Angeuliza mapema, angeokoa na kazi yake.