Aliyekunjwa Magoti

Michoro mitatu ya kaburi lile ipo mpaka leo, na Fumie hajaweza kueleza kwa nini haifanani. Mkono ni wake. Vipimo ni vyake. Mifupa ni ile ile.

Ilianza Jumatatu ya kawaida ya mavuno ya matofaa, huko Aomori, kaskazini mwa Japani. Wachimbaji wa mambo ya kale, wengi wao wakulima wa jirani, walikuwa wamefikia makaburi ya kijiji cha miaka elfu nne. Mio, mkwe wa Fumie, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyekuwa akiondoa udongo kwa brashi. Maiti alizikwa amekunjwa, magoti kidevuni, jiwe la mtoni kifuani. Mio aliliinua kabla halijachorwa, kosa la wageni wa kazi. Fumie alinung'unika, akafunga nyuzi zake za vipimo, akachora.

Jumanne magoti yalikuwa yameshuka kwa upana wa vidole vitatu.

Kasai, msimamizi, alilinganisha mchoro na shimo, akacheka. "Mama Fumie, hayo ni macho, au ni pombe ya sake ya jana?"

Fumie alipima tena. Akachora upya. Mchana Mio hakugusa wali wake. Alisema mtoto hajacheza tangu jana. Tangu alipoinua jiwe.

Jumatano walifunua turubai. Miguu ilikuwa imenyooka. Udongo wa pembeni haukuwa na alama. Fuvu lilikuwa limegeukia ukingo anapokaa Mio.

Kasai hakucheka. Fumie alichora mara ya tatu.

"Mama," Mio alinong'ona, mkono tumboni. "Kuna kitu kinasukuma."

"Si mtoto huyo?"

"Kinasukuma kutoka nje."

Kasai, mtu wa vitabu, aliamua mbele ya wote: jiwe lirudi mahali pake, shimo lifukiwe, na asiulizwe chochote. Wazee miongoni mwa wachimbaji wakasema aliyeliinua ndiye alirudishe. Mio akaanza kuinuka. Fumie akamshika bega, akamkalisha.

Alishuka mwenyewe. Aliliweka jiwe juu ya mbavu, akalikandamiza kwa viganja viwili. Likapanda. Likashuka. Likapanda tena. Hakuachia. Kule juu Mio akaangua kilio: mtoto alikuwa amepiga teke.

Wengine walishika makoleo. Fumie akawakataza. Alilifukia shimo peke yake mpaka likawa sawa na ardhi, na jioni, akioga, akakuta kifuani mwake duara jeusi, baridi, la ukubwa wa lile jiwe, ambalo mpaka leo halijafutika.