Magari Kwenye Nyasi za Delbert

Ndugu msomaji, asubuhi ya Jumamosi ile ya mbio kubwa za farasi, nyumba ya Delbert Kessinger mjini Louisville ilikuwa tulivu. Mkewe, Norma, alikuwa jikoni akipaka mikate jibini. Delbert alikaa barazani na kahawa yake, akingoja wateja. Kila mwaka, kama majirani zake, aliwakodishia watazamaji nyasi zake waegeshe magari, kwani lango la uwanja wa mbio halikuwa mbali.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake: njia ya pembeni ya nyumba haiwekwi gari. Delbert aliifuata kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huo tamaa ikamshinda.

"Mzee, kumejaa?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka dirishani mwa gari, kofia yake ya manyoya ikigusa dari.

"Kofia kama hiyo nitaifukuzaje? Ingiza hapo pembeni!"

Norma akatoka. "We Delbert, hapo ndipo tunapopita. Na moyo wangu huu mgonjwa?"

"Saa chache tu, mama. Kwani leo una safari?"

Norma alirudi ndani.

Jioni, watu uwanjani waliposimama kuimba wimbo wao wa kabla ya mbio, Norma alianguka jikoni. Wauguzi wa gari la wagonjwa walifika upesi, lakini machela haikupenya kati ya magari, na wenye funguo walikuwa wamepotelea katika umati. Delbert alisukuma magari, akapiga vioo, akalia. Mwishowe walimpitisha Norma juu ya boneti, mkono kwa mkono. Alikata roho kabla ya kufika barabarani.

Baadaye yule mwanamke alirudi amechangamka, viatu mkononi.

"Mzee, asante! Mwakani utuwekee nafasi hii hii."

"Mke wangu amefia hapa," Delbert alisema. "Ondoa gari."

FUNZO

Msidhani Delbert hakumpenda mkewe. Alimpenda sana. Kosa lake ni kuona saa chache si kitu, na kumwuzia mgeni njia ya mgonjwa wake. Nawe unayesoma, inuka sasa hivi ukatazame mlango wako: je, mtu aliyebebwa anaweza kutoka?