Kidonda cha Fundi Viatu

Fundi viatu hana nguvu za miguu tangu utotoni. Kutwa nzima hukaa kibandani kwenye kiti chake cha magurudumu, akishona soli. Jioni mkewe humsukuma hadi nyumbani. Mgongo humuuma mke, lakini hasemi. Wamechoka wote wawili.

Siku moja, akimsaidia kuoga, mkewe aliona kiraka kwenye tako lake. Kilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Chini yake palikuwa na kidonda.

"Mume wangu, nini hiki?"

"Nimeziba. Maji hayaingii hapo."

"Kwani wewe ni kiatu?"

Walicheka kidogo. Kisha mke akaketi sakafuni, akalia.

"Twende hospitali."

"Kwa hela gani? Wenzangu wanalipa nauli moja. Mimi nalipa yangu, yako na ya kiti. Bado dawa. Tusubiri shule zifunguliwe, viatu vitakuwa vingi."

Mke akamwita rafiki yake, jirani ambaye ni mhudumu wa afya wa mtaa. Jirani alikitazama kidonda, akaguna.

"Shemeji, mteja akileta kiatu chenye tundu kubwa, unamwambiaje?"

"Namwambia amechelewa, anunue kingine."

"Na wewe tako jingine utanunua wapi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Umekaa mno bila kujiinua," jirani alisema. "Damu haipiti, ngozi inakufa. Kidonda kikifika kwenye mfupa utalazwa muda mrefu. Kibanda atafungua nani? Nendeni zahanati ya hapa mtaani, hakuna nauli. Mwoneni ofisa ustawi wa jamii. Asiye na uwezo husamehewa gharama."

"Nitaonekana ombaomba."

"Utaratibu umewekwa kwa ajili yako. Utumie."

Walikwenda, wakasubiri mpaka wakasinzia kwenye foleni. Walisamehewa gharama za kusafisha kidonda. Dawa moja tu walinunua. Muuguzi alimfundisha fundi kujiinua kwa mikono mara kwa mara, na kukagua ngozi kila jioni.

Sasa kidonda kimefunga. Mke bado anasukuma kiti, na mgongo bado unamuuma. Lakini kibanda kiko wazi kila siku. Kila baada ya muda mfupi fundi hushika kiti na kujiinua. Wateja wageni hudhani anawapa heshima.

"Kaa tu, fundi, usijisumbue."

"Siwezi," hujibu. "Muuguzi amenikataza kukaa."