Kinyozi Aliyekosea Mlango

Wenzangu, tulieni niwaeleze yaliyomkuta kinyozi mmoja ambaye wateja walimwita Mkono Laini, kwa jinsi alivyoweza kumnyoa mtoto mchanga asistuke usingizini.

Jumapili moja asubuhi nyumba yake ilikuwa imetulia tuli. Mkewe anapiga pasi, redio inaimba chinichini, na baba mkwe, aliyekuja kuwatembelea, ameketi barazani na taulo shingoni.

"Mwanangu," mzee alisema, "nitoe hizi ndevu, wajukuu wasinikimbie."

Kinyozi akacheka, akafungua wembe. Papo hapo mkono ukaanza kutetemeka. Asubuhi ile alikuwa hajapata kinywaji chake, na mwili ulikuwa unakidai. Akajikaza. Wembe ukateleza, ukachana shavu la mzee kutoka sikioni hadi karibu na kidevu.

Mzee alishonwa zahanati. Mke aliporudi kutoka huko hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha kinyozi.

"Nimemwambia baba kwamba wembe ulikuwa butu," alisema. "Nimeshadanganya kwa ajili yako: kwa mwenye nyumba, kwa mama yako, kwa watoto. Basi, imetosha. Nesi ameniambia kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wanakutana Jumamosi mchana, nyuma ya maktaba. Ukienda, nipo. Usipoenda, naondoka na baba."

"Mama watoto, mimi si mlevi. Nakunywa tu."

"Haya. Liambie hivyo shavu la baba."

Wiki ile hakutulia. Akianza kumnyoa mtu, anamwomba asubiri, anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Jumamosi alifunga saluni mapema, akaenda hadi maktaba, akaipita. Akavuka barabara akajifanya anachagua viatu dukani. Akarudi, akaipita tena. Kuuliza aliogopa, maana ukiuliza njia ya mahali kama pale, si umeshajitangaza? Mwishowe akaona mlango ulio wazi na watu wameketi, akajitosa ndani kama mtu anayekimbia mvua.

Mama mmoja mwenye miwani akampa karatasi. Kumbe ni maneno ya wimbo! Kabla hajajua la kufanya, watu wote wakasimama wakaanza kuimba. Naye, kwa kuona haya kutoka, akaimba. Ndugu zangu, mkono ulikuwa laini, lakini sauti ile! Mwalimu wa kwaya akawanyamazisha wote.

"Bwana, wewe ni sauti ya ngapi?"

"Ya… ya kawaida."

Wakaangua kicheko. Miguu ilishageukia mlangoni, na kutoka pale ingempeleka moja kwa moja baa, aliijua. Lakini akamwona mkewe akilini, anakunja nguo za watoto na kuzipanga begini. Akajisikia akisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka:

"Nimepotea. Natafuta wale wanaoacha pombe."

Kicheko kikakatika. Kwenye safu ya nyuma akainuka fundi bomba, mteja wake wa miaka mingi.

"Ni mlango unaofuata," alisema. "Twende, nami naelekea huko. Hapa huwa napitia kupasha koo tu."

"Na wewe?"

"Na mimi. Kila nilipokaa kwenye kiti chako nilikuwa naisikia harufu, nikaogopa kukwambia. Nisamehe."

Chumba cha pili kilikuwa na viti vya plastiki, birika la chai na watu wachache. Zamu yake ya kuongea ilipofika, kinyozi akakohoa. "Nimekuja kwa niaba ya kaka yangu. Ana shida kidogo."

Mwalimu mstaafu aliyeongoza kikao hakucheka. "Wengi wetu tulianza na kaka. Haya, leo kaka anaendeleaje?"

Kinyozi akaitazama mikono yake ikimchezea mapajani, mbele ya watu wote.

"Vibaya," akasema, na machozi yakamtoka. "Anaendelea vibaya sana."

Kikundi kilimpeleka kwa daktari kwanza, maana mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kumuua mtu. Kisha kinyozi akamzungusha mkewe nyumba nzima akimwonyesha alikoficha chupa: ndani ya buti la mvua, chini ya godoro la watoto. Ile ya saluni hakuitaja. Mwezi haukuisha, akainywa yote, akaanguka kati ya viti vyake mwenyewe.

Alipozinduka alimpigia fundi bomba. Yule bwana akaja na ndoo na kitambaa, akafuta matapishi, kisha akampeleka nyumbani. Safari hii kinyozi alijieleza mwenyewe kwa mkewe. Mke akasema, "Jumamosi nitakusindikiza." Hadi leo wanakwenda, na kuna wiki ngumu bado.

FUNZO

Ndugu msomaji, mnywaji haokolewi kwa kufichiwa. Ukimfunika kwa uongo, unamsaidia kuzama, na ukinyamaza kwa kuogopa kumuudhi ni vilevile. Nawe unayekunywa, tafuta watu walio karibu nawe waliopita njia hiyo, na umwone daktari. Ukikosea mlango, uliza kwa sauti. Watakaocheka watacheka, kisha mmoja wao atainuka akuonyeshe njia. Ukianguka, rudi kikundini. Kiti chako hakijapewa mtu mwingine.