Baba Mdogo Alinipimia Chuo kwa Kalamu Nyekundu

Nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Kwa umri huu nilitakiwa niwe namalizia digrii yangu ya uuguzi. Badala yake... ngoja niwasimulie. Mnivumilie tu, maana nikianza habari hii hasira hunipanda upya.

Kidato cha sita nilisoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C mbili na D ya Fizikia. Kwa shule yetu, ambayo mwalimu wa Fizikia tulimpata ikiwa imebaki miezi mitatu tufanye mtihani, hayo yalikuwa matokeo ya kurukaruka! Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tuna harusi. Na mimi nilikuwa na ndoto moja tu, uuguzi wa digrii.

Sasa, kwenye ukoo wetu mtu haombi chuo mpaka apimwe na baba mdogo. Ni mdogo wake baba, mwalimu wa sekondari huko Kibondo, na ndiye wa kwanza kwetu kukanyaga chuo. Kila mwaka matokeo yakitoka, watoto wa ukoo mzima humpelekea karatasi zao. Anavaa miwani, anachukua kalamu nyekundu, anaandika juu ya karatasi: huyu nafasi ipo, huyu nafasi ndogo, huyu asijisumbue. Akishaandika, basi.

Nilifika kwake asubuhi. Nikamsalimia kwa Kiha, nimepiga goti, napiga makofi taratibu, "Mwidiwe, mwidiwe," mpaka akaitikia. Ndivyo tulivyolelewa. Na mtu uliyemsalimia hivyo, utaanzaje kumuuliza kama ana uhakika?

Aliitazama karatasi yangu... hata dakika mbili hazikuisha. Akaniambia uuguzi nisahau, ile D ya Fizikia imeniharibia, kule wanachukua watu wa A na B. Akaniandikia kozi tatu za mambo ya maji na umwagiliaji.

"Huko hakuna watu, utaingia umelala," alisema.

Nikamshukuru! Nikapiga makofi tena, machozi nimeyameza, nikarudi Kasulu mjini kujaza maombi kwenye duka la stationari kama alivyoagiza.

Majibu yalipotoka nilikosa zote tatu. Zote! Kumbe kila moja ilitaka uwe umefaulu Hisabati kidato cha nne, na mimi Hisabati nilipata F. Baba mdogo hakuniuliza. Na mimi kwa aibu sikumwambia.

Wiki hiyohiyo akanipigia simu Domina, tuliyekaa naye dawati moja miaka miwili. Amechaguliwa uuguzi wa digrii! Domina mwenye D mbili! Yeye hakupimwa na mtu. Alikaa na simu ya kaka yake, akakisoma kile kitabu cha mwongozo wa vyuo mstari kwa mstari. Akaniambia dirisha la pili la maombi limefunguliwa, nafasi bado zipo, niombe leo leo.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilimpigia baba mdogo kuomba ruhusa... Akasema nitulie. Domina kabahatisha tu, nisijiaibishe kwa kukataliwa mara mbili, mwakani atanipangia vizuri. Nikatulia. Mjinga mimi, nikatulia! Dirisha likafungwa nikiwa shambani napalilia maharage.

Mwaka uliofuata niliomba mwenyewe bila kumwambia mtu. Nikakosa. Safari hiyo waombaji walikuwa wengi, na wa mwisho kuchukuliwa alinizidi kidogo. Kidogo tu! Nafasi yangu ilikuwa ya mwaka ule, na nilikuwa nimeiacha ipite huku naiona.

Baba, aliyekuwa ametangaza kanisani kwamba binti yake anakwenda kuwa nesi, akawa ibada ikiisha anawahi kutoka asiulizwe. Wakaja watu kutoka Munanila kuniposa, na kwa mara ya kwanza baba hakusema mimi bado nasoma. Mama ndiye aliyewarudisha wageni, na alipowarudisha tukakaa jikoni tukalia wote wawili.

Kesho yake nilikwenda Kibondo. Nikapiga goti, nikapiga makofi. Halafu nikamuuliza baba mdogo alisoma wapi kwamba D ya Fizikia inakataliwa. Akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kitabu hicho hajawahi kukifungua, alikuwa anakumbuka mambo ya enzi zake.

"Sasa mwanangu, ningesema sijui, mngekuja tena kwangu?"

Nilitoka bila kuaga na bila makofi. Sijawahi kumfanyia hivyo mtu mzima yeyote, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Ilinichukua misimu miwili ya mahindi kupata moyo wa kuomba tena. Sasa niko mwaka wa kwanza, stashahada ya uuguzi. Domina yuko mwaka wa mwisho wa digrii. Akinitumia picha zake na koti jeupe namjibu "hongera shoga," kisha nazima simu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Heshima mpeni mkubwa, lakini matokeo yako yasome mwenyewe, na kitabu kifungue mwenyewe. Ukiona aibu kumuuliza mtu kajuaje, ujue aibu hiyo utailipia wewe, siyo yeye. Na ninyi mnaoombwa ushauri, neno "sijui" lingewapunguzia nini?

Juzi matokeo ya mdogo wangu Leokadia yametoka. Baba mdogo kashapiga simu, anataka aletwe. Baba kasema twende, na tutakwenda Jumamosi. Tutapiga goti, tutapiga makofi mpaka aitikie, tutakunywa chai yake.

Karatasi ya matokeo tutaiacha nyumbani.