Lisilo na Malaika

Weka mkono kifuani uape: hili halitoki hapa. Umeapa? Haya. Nami niliapa hivyo hivyo, ila mdomo wangu ni chekecheke, utazuia nini?

Palikuwa na mshonaji, mumewe yu hoi kitandani. Kila akila mumunye alilopika mkewe, tumbo humsokota mpaka anauma shuka. Akisema chakula kichungu, watu humwambia mdomo wa mgonjwa ndio mchungu. Mke mwenyewe mumunye hali tangu utoto, basi maneno yakapata miguu. Dada wa mume, waliyemtania Manyoya kwa jinsi mikono yake ilivyoota nywele, alipita mlango kwa mlango: "Kaka yangu analogwa ndani ya nyumba ya baba yetu." Majirani wakakata shauri: mume akizidiwa tena, mke anafukuzwa.

Jua likizama, mshonaji akatoka uani kuchuma. Maua meupe ya mmumunye yalikuwa yanafunguka. Hayo huamka giza likiingia. Mtango mwitu, wenye matunda ya kijani ya michirizi myeupe yanayofanana na mumunye changa, ulitambaa ukutani, maua yake ya manjano yamekwisha kujifumba. Siku zote alitazama ua tu: jeupe, basi kata.

Leo kisu alikisahau. Akashika tunda kwa mkono.

Akalipapasa tena.

Lilikuwa telezi... gumu... baridi.

Mama yake alimfunza: mumunye changa lina malaika, vile vinyweleo laini, la mwituni halina. "Lisilo na malaika, mwanangu, usilipike."

Akapapasa kikonyo. Kimefungwa kwa uzi. Uzi mwekundu, wa cherehani yake mwenyewe! Mtu amening'iniza tunda la sumu chini ya ua jeupe.

Shwaa...

Majani yakatikisika. Ikaja harufu ya nguo iliyolala majini.

"Wifi," sauti ikanong'ona, "leo umechelewa."

Na pale ukutani, maua ya manjano, yanayopaswa kulala, yakaanza kufunguka. Moja. Jingine. Jingine...

"Jamani, nakufaaa!" mshonaji akapiga yowe.

Majirani wakamiminika na tochi. Nyuma ya majani kachuchumaa Manyoya, tunda mkononi, uzi mwekundu katikati ya meno.

"Kumbe wewe!" akafoka muuza mkaa. "Umetuzungusha kama pia, kumbe mlozi ni wewe!"

"Wifi, kaka yako tumbo moja!" mshonaji akalia.

"Na nyumba moja," Manyoya akajibu, uzi hajautema.

Muuza mkaa akamdaka mkono. Mara akauachia, akawa anafuta kiganja kwenye suruali, anafuta, anafuta...

"Mmulikeni," akanong'ona. "Mmulikeni mkono."

Wakammulika. Wote waliokuwa wakimtania wakaona, na hakuna aliyecheka.

Mkono ulikuwa telezi, rangi ya kijani, wenye michirizi myeupe toka bega hadi kucha.

Hauna malaika hata mmoja.