Chemchemi ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Jiwe la kwanza alilikuta kwenye kiatu. Dogo, jeusi, limelowa, ndani ya kiatu cha kupandia milima ambacho kwa miaka sita hakijagusa hata kichuguu. Alilitupa dirishani, akarudi kwenye kompyuta.

Mtaani walimwita Mzee wa Vilele. Aliandika vitabu vya njia za milima isiyojulikana na wengi: gari liachwe wapi, ruhusa aombwe nani, mgongo upi upandwe. Na kuandika alijua, tusimnyime haki yake. Ila njia zote alizipanda kwa makalio. Alitazama picha zilizopigwa kutoka angani, akavuta mstari mwekundu hadi kileleni, akaenda kula. Kufika nyumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa, alipumzika mara tatu ngazini.

Kilele cha ukurasa wa kumi na saba hakikuwa na njia. Wafugaji wa chini yake walimwambia kwenye simu, "Huko kuna wenyewe, hatupandi." Akacheka, akachora. Kisha akaona ukurasa una nafasi, akaijaza: Karibu na kilele kuna chemchemi, maji yake matamu. Chemchemi hiyo aliitoa kichwani huku akitafuna.

Kitabu kilipotoka, mawe yalizidi. Yalikuwa kwenye printa, kwenye sufuria, chini ya mto. Sebule ikanuka mwamba uliolowa. Na mchana kweupe, juu ya dari, mahali pasipo na kitu ila mabati, zikaanza kusikika hatua za mtu anayeshuka, taratibu, akiporomosha changarawe, akisimama kana kwamba anatafuta pa kukanyaga, akishuka tena, kila siku karibu zaidi.

Mkewe akamleta mganga, mama mmoja mkavu asiyepoteza maneno. Akakifunua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu wa ukurasa wa kumi na saba.

"Njia ya kupandia ndiyo ya kushukia," akasema. "Umewafungulia wenyewe wa huko. Kama kuna uongo humu, utamke mbele ya watu wako kabla mtu hajaufuata. Hapo itafungika."

"Mume wangu," mkewe akanong'ona, "kama upo, sema."

"Uongo gani? Nimefika kwa miguu yangu hii!"

Binti yao wa pekee alikuwa sakafuni akifunga begi. Kesho yake alikuwa anakwenda kupanda kilele hicho hicho, kwa fahari ya baba yake, na alibeba chupa moja ndogo ya maji.

"Inatosha, baba. Si kuna chemchemi?"

Baba akaitazama ile chupa. "Ipo," akasema.

Mwanamume mzima! Aliogopa aibu kuliko kumpoteza mtoto.

Binti aliondoka alfajiri. Saa sita baba akampigia, ikaita mara moja, akakata, kwani angeanzia wapi? Akakaa akiikodolea macho saa ya ukutani, jasho likimtiririka, akijiambia kwamba mtoto ana akili, kwamba akikosa maji atageuka, kwamba kesho atasema, kesho kweli, huku harufu ya mwamba ikipanda hadi kooni na changarawe ikimiminika juu ya dari kama mchele unaopepetwa.

Saa kumi kamili, saa ile ile aliyoandika kitabuni ya kurudi, hatua zilishuka kutoka juu hadi mlangoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

Alikuwa binti yao, sauti yake, tabasamu lake. Nywele zilidondosha maji. Chupa aliishika kwa mikono miwili, imejaa.

"Kila kitu kipo kama ulivyoandika, baba. Nimekuletea maji yako."

Mama alilia kwa furaha. "Unaona? Na yule mganga alivyotutisha!"

Simu ikatetema mfukoni mwa baba. Akaichungulia. Binti yake alikuwa anampigia.

Akamtazama aliyesimama mbele yake. Mikono yote miwili ilikuwa bado kwenye chupa.

"Nani huyo?" mkewe akauliza.

"Si mtu," akasema. Akaizima simu, akapokea chupa, akanywa, akafuta midomo.

"Ndiyo yenyewe haya," akasema. "Matamu."